Kisima kimegeuka chumvi: kusaka chanzo kwenye mashamba ya umwagiliaji ya nchi kame

Maji ya kisima yakianza kuwa na chumvi, watu hukimbilia moja kati ya dawa mbili. Wengine huongeza pampu ili maji yaliyojaa chini ya shamba yashuke. Wengine hupunguza pampu ili maji ya chini yapate kupumzika. Zote mbili ni dawa halali, ila kila moja hutibu ugonjwa wake na kuchochea ule wa mwenzake, na namba kwenye kipima chumvi haisemi uko na ugonjwa upi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na dalili, na dawa zinafuata baadaye sana.

Kama chumvi ipo au haipo, hata ulimi unaweza kukwambia. Kinachosakwa ni njia iliyopitia. Chini ya mashamba ya nchi kame, chumvi huwa imeletwa na maji kutoka nje, au imekolezwa palepale kwa sababu maji yaliondoka nayo ikabaki, au ilikuwepo ardhini tangu zamani na sasa imesukumwa au kuvutwa hadi kisimani. Mashamba mengi yana zaidi ya chanzo kimoja, lakini karibu kila mara kuna kimoja kinachotawala, na hicho ndicho cha kushughulikia kwanza.

Hakiki kipimo kabla ya kuilaumu ardhi

Kipimo cha kawaida ni upitishaji umeme wa maji, EC, kwa desisimensi kwa mita (dS/m). Vifaa vingi huonyesha mikrosimensi kwa sentimita. 1000 za huko ni sawa na 1 dS/m. Kwa maji yasiyo na chumvi nyingi sana, 1 dS/m ni takribani miligramu 640 za chumvi kwa lita. Mwongozo wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ambao wengi huutumia unasema maji ya chini ya 0.7 dS/m hayana shida ya chumvi kwa umwagiliaji, kati ya 0.7 na 3 yanahitaji uangalifu, na zaidi ya 3 yana vikwazo vikubwa.

Tatizo la kwanza la kuchunguza ni la kuchosha, lakini limepoteza muda wa watu wengi: vifaa viwili vilivyo sahihi vinaweza kutoa majibu tofauti kwa maji yaleyale. Kifaa kinachoonyesha miligramu kwa lita hakipimi miligramu. Kinapima EC kisha kinazidisha, kimoja kwa 500, kingine kwa 640 au 700. Aliyebadilisha kifaa katikati ya miaka anaweza kuona "ongezeko" la asilimia 30 au 40 ambalo halipo. Andika EC siku zote, na uandike kama kifaa kinarekebisha joto. EC hupanda kwa karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Maji ya nyuzi 35 yakipimwa bila kurekebishwa kufikia nyuzi 25 yataonekana na chumvi zaidi kwa karibu moja ya tano.

Tatizo la pili ni maji yaliyotuama. Ukizamisha chupa kwenye kisima kilicholala wiki nzima, unapima maji yaliyolala ndani ya bomba la kisima, si ya ardhi. Washa pampu uyatoe yale ya zamani. Kawaida ni mara tatu ya ujazo uliomo kisimani, au mpaka EC na joto vitulie.

Tatizo la tatu ni kisima chenyewe. Ikiwa kisima kimoja kimeruka ghafla huku majirani wa kina kilekile wakiwa salama, shuku bomba kabla ya kushuku jiolojia. Maji ya chumvi hula bomba la chuma, na tundu dogo kwenye tabaka la juu lenye chumvi linatosha kuharibu maji yote yanayotoka chini. Kutu, mchanga kwenye maji na EC iliyoruka kwa pamoja ni ushahidi mzito. Kipima EC cha kuteremshwa kwa waya kitaonyesha mahali namba inapobadilika, ingawa kwenye kisima chenye vichujio virefu (sehemu za bomba zilizotobolewa ili maji yaingie) usiamini picha hiyo kwa asilimia zote: maji husafiri juu na chini ndani ya bomba na kuchanganya matabaka. Kisima kibovu kikiachwa wazi si tatizo la mwenyewe tu. Kinakuwa mrija wa kuteremshia chumvi ya juu kwenye tabaka safi la wote.

Tarehe, ramani na kina

Ukiwa na daftari lenye EC na kina cha maji kwa miezi hata kumi na miwili tu, una utambuzi nusu bila kutuma sampuli yoyote maabara. Tazama kwanza uhusiano wa vitu hivi viwili. EC inapanda huku maji yakikaribia uso wa ardhi? Au inapanda huku maji yakishuka? Jibu la swali hili linagawa sehemu iliyobaki ya mwongozo huu katika njia mbili, na ni swali ambalo wataalamu wengi huliruka haraka mno wakielekea kwenye kemia.

Kisha chora ramani. Chumvi iliyo kali karibu na pwani na kupungua kuelekea bara inasimulia kisa kimoja. Iliyo hafifu kandokando ya mfereji na kali katikati ya mashamba inasimulia kingine, kwa sababu mfereji unaovuja huacha chini yake maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Na mwisho, kina: kama una visima vifupi na virefu mahali pamoja, vilinganishe. Chumvi iliyo kali juu na kupungua chini imeingia kutoka shambani. Iliyo kali chini na kupungua juu inapanda kutoka kwenye matabaka ya zamani.

Dalili: maji ya chini yanapanda, EC inapanda, na uso wa shamba unaota ukungu mweupe

Huu ndio ugonjwa mkongwe wa umwagiliaji. Maji ya mto yanaletwa kwa mifereji kwenye ardhi ambayo haijawahi kupata maji kiasi hicho. Sehemu inavuja kwenye mifereji, sehemu inapita chini ya mizizi, na kwa kuwa ardhi haina pa kuyatolea, maji ya chini hupanda mwaka hadi mwaka. Yakishafika karibu na uso, jua huanza kuyavuta kupitia vinyweleo vya udongo. Maji yanakwenda hewani, chumvi inabaki, umwagiliaji unaofuata unaiteremsha kwenye maji ya chini ambayo sasa yako mita moja au mbili tu, na mzunguko unaanza upya ukiwa mkali zaidi.

Kina cha hatari si kimoja kwa kila udongo. Kichanga cha chembe nene huvuta maji sentimita kadhaa tu. Mfinyanzi huyavuta juu sana lakini polepole. Udongo tifutifu na ule wa mchangatope ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu huvuta mbali na kwa kasi. Hapo hata maji yaliyo mita 2 chini yanaweza kulisha chumvi uso wa shamba wakati wa kiangazi. Anayekwambia "maji yako mita 1.5, uko salama" bila kuuliza udongo ni wa aina gani, amekupa namba isiyo na maana.

Bonde la Mto Indus nchini Pakistan ndilo darasa kubwa zaidi la ugonjwa huu. Mifereji iliyojengwa kuanzia karne ya 19 ilipandisha maji ya chini kutoka makumi ya mita hadi karibu na mizizi katika maeneo mapana. Kuanzia miaka ya 1960 serikali ilichimba maelfu ya visima vya pampu kupitia miradi ya kudhibiti chumvi na kurejesha ardhi iliyojulikana kama SCARP, kwa kusudi la kuyashusha. Palipokuwa na maji baridi chini, kazi ilifanyika, na wakulima wakapata chanzo cha pili cha umwagiliaji. Baadaye visima vya watu binafsi vikaongezeka mno, na katika sehemu za bonde hilohilo tatizo likageuka: maji yakaanza kushuka, na maji ya chumvi yaliyolala chini yakaanza kuvutwa juu. Bonde moja limeugua magonjwa yote mawili. Ndiyo sababu ripoti ya miaka thelathini iliyopita haiwezi kutumika kama utambuzi wa leo.

Namna ya kuhakiki: tega mabomba mafupi ya kupimia kina cha maji, mengine hatua chache kutoka mfereji na mengine katikati ya shamba. Kama maji yako juu zaidi karibu na mfereji na hushuka mfereji unapofungwa kwa matengenezo, uvujaji wa mfereji ndio mzazi. Kama maji hupanda kila baada ya zamu ya kumwagilia na mfereji hauna athari, mzazi ni umwagiliaji wa shambani wenyewe. Tofauti hii ni ya pesa nyingi. Kusakafia mfereji hakusaidii lolote pale ambapo maji yanavuja shambani.

Rangi ya uso nayo husema kitu. Ukungu mweupe ulio laini ni wa kloridi na salfati. Doa la kahawia lenye unyevu ambalo halikauki hata juani mara nyingi lina kloridi za kalisi au magnesiamu, ambazo hunyonya unyevu wa hewa. Doa jeusi lenye utelezi ni magadi, na hilo lina sehemu yake mbele.

Dawa ya hapa ni kutoa maji: mitaro mirefu, mabomba yaliyotobolewa chini ya shamba, au pampu. Lakini kabla hujachimba mtaro wa kwanza, jua maji yake yataishia wapi. Magharibi mwa Bonde la San Joaquin, California, maji ya mitaro yalielekezwa kwenye mabwawa ya Kesterson. Mwaka 1983 vifaranga wa ndege wa majini walionekana na ulemavu uliotokana na seleniamu iliyooshwa kutoka kwenye udongo wa mashamba. Mtaro usio na mwisho salama unahamisha tatizo kwa jirani wa chini.

Dalili: maji ya chini yanashuka, EC inapanda taratibu bila kurudi, na nitrati inapanda nayo

Hapa chumvi inazungushwa. Pampu inatoa maji, mimea inachukua maji na kuiacha chumvi, maji yanayobaki yanateremka na chumvi yote, na pampu inayatoa tena. Ni kama sufuria ya maji ya chumvi inayochemka huku ukiongeza maji kidogokidogo: kila unachoongeza kinakuja na chumvi yake, na kinachotoka ni mvuke mtupu.

Hesabu yake ni fupi na inafaa kufanywa kwa kila shamba. Maji yenye nusu gramu ya chumvi kwa lita, ambayo ni maji mazuri kabisa, yakitumika kwa kiasi cha milimita 1000 kwa mwaka, ni mita za ujazo 10,000 kwa hekta. Hizo hubeba tani 5 za chumvi. Mimea huchukua sehemu ndogo mno ya hizo. Zisipotoka na mitaro kwenda nje ya bonde, zipo chini yako.

Ukali wa maji yanayoteremka hutegemea sehemu ya maji inayopita mizizi. Gawanya EC ya maji ya umwagiliaji kwa sehemu hiyo. Maji ya 0.8 dS/m ambayo moja ya tano yake inapita chini hutoa maji ya 4 dS/m. Ukiongeza ufanisi hadi moja ya kumi tu ipite, yanateremka yakiwa na 8. Kwa hiyo skimu iliyobadili kutoka mifereji ya shambani kwenda umwagiliaji wa matone inaweza kuona maji yanayoteremka yakiwa makali maradufu, na watu wakaulaumu mfumo mpya. Lawama hiyo nusu yake si haki. Ujazo wa maji hayo umepungua kwa nusu, hivyo uzito wa chumvi iliyotoka kwenye maji ya umwagiliaji ni uleule, na chumvi ya zamani inayooshwa kutoka matabaka ya chini ni ndogo zaidi. Ila pia si kweli kwamba matone "yanazuia chumvi". Yanaichelewesha na kuikoleza. Kama maji yaliyookolewa yametumika kupanua shamba, jumla ya chumvi imeongezeka.

Nitrati ni shahidi mzuri wa mzunguko huu kwa sababu mbolea hupitia njia ileile. Kizingiti cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita, na kisima cha umwagiliaji kilichozidi hapo huku kloridi ikipanda kinaonyesha wazi kwamba shamba linajilisha lenyewe. Tahadhari moja: baadhi ya udongo wa jangwa ulikuwa na akiba kubwa ya nitrati ya asili kabla ya mkulima wa kwanza kufika. Kwenye ardhi iliyofunguliwa karibuni, nitrati peke yake haimshtaki mtu wa mbolea.

Ugonjwa huu ni mgumu kwa sababu pampu nyingi zikivuta kutoka bonde moja, maji ya chini huacha kabisa kutiririka kuelekea mtoni au baharini. Bonde linafungwa. Hakuna tena mlango wa chumvi, hata kama juu ya ardhi kila kitu kinaonekana kilekile. Dalili yake kwenye ramani ni mishale ya mtiririko inayoelekea katikati ya mashamba kutoka pande zote.

Dalili: EC inapanda pampu ikiwaka, inashuka ikipumzishwa

Pengine hii ndiyo rahisi kuliko zote kutambua, na ndiyo inayokosewa kwa uzembe zaidi, kwa sababu mtu hupima mara moja kwa siku, saa tofauti kila siku. Chini ya maji baridi kuna maji ya chumvi. Pampu ikivuta kwa nguvu, maji ya chumvi yanapanda kama koni chini ya kisima mpaka yanagusa kichujio.

Fanya hivi: acha kisima kilale usiku mzima, kisha washa pampu na upime EC baada ya dakika 10, nusu saa, saa moja, kisha kila saa mpaka jioni. Mstari unaopanda bila kutulia ni koni. Mstari uliopanda kwa dakika chache za mwanzo kisha ukatulia ulikuwa maji yaliyotuama tu. Rudia ukiwa umepunguza mtiririko kwa nusu. Kama kupanda kwa EC kumepungua sana au kumekoma, umemaliza utambuzi kwa gharama ya kutembea na kifaa.

Dawa ni kuvuta polepole kwa muda mrefu, au visima vingi vifupi badala ya kimoja kirefu. Watu hufanya kinyume: EC ikipanda, wanakichimba kisima zaidi "kufikia maji mazuri", na wanafika kwenye chumvi yenyewe. Kuziba sehemu ya chini ya kisima husaidia mara nyingi kuliko kukirefusha. Koni ikishapanda, hushuka polepole zaidi kuliko ilivyopanda, na sehemu ya chumvi hubaki imechanganyika.

Dalili: visima vya upande wa bahari vilianza, vya bara vikafuata

Pwani kame zina hatari maalumu kwa sababu mvua ya kurudisha maji baridi ni haba. Katika uwanda wa Al Batinah nchini Oman, uvutaji wa maji kwa ajili ya mashamba ya pwani umeingiza maji ya bahari chini ya ardhi na kuwalazimu wakulima kuacha mashamba ya upande wa baharini.

Kanuni ya kukumbuka ni ya Ghyben na Herzberg: kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takribani mita 40 za maji baridi chini yake. Kushusha maji kwa nusu mita kunaruhusu maji ya bahari yapande hatimaye mita 20. Kwa hiyo usipime kina cha maji kutoka mdomo wa kisima tu; kipimwe dhidi ya usawa wa bahari. Kisima cha pwani chenye maji yaliyo chini ya usawa huo kinavuta bahari, hata kama leo EC bado ni nzuri.

Ukiwa kilomita 200 kutoka pwani kwenye uwanda ulioinuka, ruka sehemu hii. Inashangaza ni mara ngapi bahari hulaumiwa mahali ambapo haijafika kwa mamilioni ya miaka.

Dalili: EC iliruka miaka kadhaa baada ya ardhi mpya kufunguliwa

Katika nchi kame, mvua kidogo ya maelfu ya miaka imekuwa ikiacha chumvi yake chini ya mizizi ya vichaka, kwa sababu mizizi ilinywa karibu kila tone. Ghala hilo linakaa kimya mpaka mtu alete maji. Mashariki mwa Australia, katika bonde la Murray–Darling, kufyeka uoto wa asili wa mallee (vichaka vya mikaratusi mifupi) na kuweka mazao ya mizizi mifupi kulizidisha mara nyingi maji yanayopita chini, na umwagiliaji kandokando ya mto ukajenga vilima vya maji ya chini vinavyosukuma maji ya chumvi kuelekea mtoni. Huko sasa kuna visima vya kuyavuta maji hayo kabla hayajaufikia mto na kuyapeleka kwenye mabwawa ya kukaushia.

Kinachochanganya hapa ni ucheleweshaji. Maji yanaweza kuchukua miaka au makumi ya miaka kushuka kwenye udongo mkavu mzito, hivyo chanzo na dalili hazikutani katika kumbukumbu ya mtu mmoja. Chukua sampuli za udongo kwa kina, mita hadi mita, chini ya shamba na chini ya kichaka cha jirani ambacho hakijafyekwa. Kichaka kikiwa na uvimbe wa kloridi mita chache chini, na shamba likiwa halina tena, umeona ghala na umeona lilikokwenda. Habari njema ni kwamba ghala likioshwa huisha. Tofauti na mzunguko wa pampu, EC hupanda, hufika kileleni, kisha huanza kushuka.

Dalili: maji ni mazito kwa salfati, au yana utelezi wa magadi

Matabaka yenye jasi (salfati ya kalisi) na chumvi ya mawe huyeyuka ndani ya maji yanayopita. Jasi ina kikomo chake: maji safi hubeba karibu gramu 2.5 kwa lita kisha hushiba, na EC yake hapo ni karibu 2.2 dS/m. Ripoti inayosema kisima cha 8 dS/m kimeharibiwa na jasi peke yake haijakamilika. Kuna kitu kingine ndani, na kitafutwe. Chumvi ya mawe haina huruma hiyo. Inayeyuka zaidi ya gramu 300 kwa lita.

Magadi ni kesi ya pembeni, lakini huharibu mashamba ambayo EC yake haitishi. Maji yenye sodiamu na bikaboneti nyingi, pH juu ya 8.5 na kalisi kidogo huufunga udongo, maji yakasimama juu, na mtu akadhani ana tatizo la maji ya chini kupanda. Chimba shimo. Ukikuta udongo mkavu sentimita 40 chini ya dimbwi, maji ya chini hayahusiki, na hapo ndipo jasi inageuka kuwa dawa.

Maabara: omba nini, usome nini

Usitume sampuli ukaomba "kipimo cha chumvi". Omba sodiamu, kalisi, magnesiamu, potasiamu, kloridi, salfati, bikaboneti, nitrati, boroni na, kama maabara inaweza, bromidi. Ikirudi, jambo la kwanza ni kuhakiki kama jumla ya chaji chanya na hasi zinalingana. Tofauti ikizidi asilimia 5 hivi, rudisha sampuli kabla ya kuijengea hoja.

Gawanya sodiamu kwa 23 na kloridi kwa 35.5, kisha gawa jibu la kwanza kwa la pili. Maji ya bahari hutoa uwiano wa karibu 0.86. Chumvi ya mawe iliyoyeyuka hutoa karibu 1. Maji ya bahari yanapoingia kwa mara ya kwanza kwenye tabaka la maji baridi, mfinyanzi hunyakua sodiamu na kuachia kalisi, kwa hiyo uwiano hushuka chini ya 0.86 na kalisi hupanda kwa namna isiyotarajiwa. Ukiona hilo pwani, bahari iko njiani hata kama EC haijafika mbali.

Bromidi ni msaada mkubwa kwa sababu mimea na udongo haviigusi sana. Kwa uzito, kloridi kwa bromidi kwenye maji ya bahari ni karibu 290. Chumvi ya mawe hutoa zaidi ya 1000. Kukolezwa kwa jua hakubadilishi uwiano huu, kwani vyote viwili hubaki pamoja. Hivyo kisima cha bara chenye uwiano wa 1500 kimeyeyusha chumvi ya mawe, au kimepokea maji taka ama mbolea ya kloridi ya potasiamu, na nitrati na boroni zitakusaidia kuchagua.

Isotopu za oksijeni na hidrojeni, yaani atomi nyepesi na nzito za elementi ileile, hujibu swali moja kwa uzuri: je, maji yenyewe yamewahi kukaushwa na jua? Maji ya mvua duniani hufuata mstari wa hidrojeni dhidi ya oksijeni ambao mwanasayansi Harmon Craig aliuchora mwaka 1961, wenye mwinuko wa 8. Maji yaliyovukizwa hujitenga nao kwa mwinuko wa 4 hadi 6. Maji yaliyoyeyusha mwamba hubaki kwenye mstari huku yakiwa na chumvi nyingi. Mtego upo hapa: maji yaliyonywewa na mizizi huacha chumvi nyuma bila kuacha alama kwenye isotopu. Kwa hiyo maji yaliyokolezwa na mimea na maji yaliyoyeyusha mwamba yanaweza kufanana, na ni bromidi inayoyatenganisha. Kumbuka pia kwamba maji ya bwawa kubwa huwa yameshavukizwa kabla hayajafika shambani. Pima ya mferejini kwanza.

Dalili zinapogongana

Mara nyingi utakuta visima vifupi vina dalili za maji kupanda na visima virefu vina koni. Usitafute maelezo mamoja ya kuviunganisha. Vitibu kama matabaka mawili, kwa sababu pengine ndivyo vilivyo, na tabaka la mfinyanzi katikati linavizuia kuonana. Lililo muhimu ni dawa ya kimoja isimdhuru mwenzake: kuvuta tabaka la juu kushusha maji kunawezekana huku la chini likiachwa, mradi visima viwe na vichujio katika tabaka moja tu.

Baada ya kuanza dawa, kasi ya majibu nayo ni kipimo. Koni ikipunguziwa pampu huonyesha badiliko ndani ya siku au wiki. Maji yaliyopanda yakitolewa na mitaro hujibu kwa misimu: kina hushuka kwanza, EC hufuata. Chumvi inayozunguka kati ya pampu na shamba, na ile ya ghala la zamani, hujibu kwa miaka mingi, na mara nyingine EC huendelea kupanda kwa muda hata dawa ikiwa sahihi, kwa sababu maji makali yaliyoko njiani bado hayajafika. Kwa hiyo kama umesakafia mfereji na EC ya kisima kirefu ikashuka wiki iliyofuata, usishangilie bado. Angalia kwanza kama kuna pampu ya jirani iliyozimwa wiki hiyohiyo.